Kitabu Kilichochukuliwa Msibani

Mmeniuliza mmoja mmoja, kanisani, dukani kwa Mama Rehema kule Chang'ombe, wengine kwa ujumbe wa simu: ulikuwa wapi zile siku tano, na ni kweli ulifunga safari hadi Itigi kwa ajili ya kitabu cha hadithi? Ni kweli. Nimechoka kueleza nusunusu, kila mtu anaondoka na kipande chake, kwa hiyo nimekaa nikaandika yote mara moja. Habari za nauli na kutafuta siti sitazigusa, hazina utamu wowote.

Kabla sijatoka

Wanaonifahamu wanajua kwamba mimi Debora ni mwalimu wa Kiingereza, nina miaka hamsini na minne, na sipendi kutaniwa. Kaka yangu Yona alikuwa akisema siku niliyozaliwa kicheko kilikuwa kimeisha dukani. Yeye alifanya kazi kwenye mashamba ya zabibu Makutupora karibu maisha yake yote. Miaka kadhaa nyuma mtaalamu mmoja wa Kijapani, aliyekuja kuangalia mizabibu, alimwachia boksi la vitabu tisa, riwaya za kwao zilizotafsiriwa kwa Kiingereza. Yona aliishia kidato cha nne na Kiingereza chake kilikuwa cha kuchechemea, lakini jioni ile ile akanipigia simu kunieleza kwamba amepewa Wajapani tisa, niende tugawane.

Hatukugawana. Tulisoma kitabu kimoja kimoja wote wawili, sura yeye, sura hiyo hiyo mimi, kitabu kikisafiri kati ya Makutupora na Nkuhungu ndani ya mfuko wa mkate, mikononi mwa mama mmoja anayeleta zabibu mjini. Sheria ilikuwa moja tu, kwamba hakuna kumpita mwenzako.

Mimi mwanzoni zilinichosha. Nimezoea hadithi ambayo mtu akiingia chumbani, kuna jambo linamsubiri humo. Kwa Wajapani hawa mtu anaingia, anavua viatu, anamenya tunda ukurasa mzima, anatazama dirishani, sura imeisha. Nilimwambia Yona kwamba hawa watu hawana haraka, akanijibu kwamba ndiyo maana anawapenda. Kufika kitabu cha tatu, kile cha mwalimu mstaafu anayeandikiana barua na mwanafunzi aliyewahi kumchapa, nilijikuta nimesimama jikoni na kitabu mkononi na wali umeungua. Nilikuja kuona kwamba mambo mazito yote yamo humo, ila hayatangazwi. Unayaona kwenye kikombe kilichosogezwa karibu na mtu mwingine.

Yona hakuweza kusoma bila penseli. Kila neno gumu alilipigia mstari, akalitafuta kwenye kamusi yake iliyopasuka mgongo, akaandika maana pembeni kwa namna yake. Palipoandikwa habari za jibini ile nyeupe ya Kijapani aliandika "maziwa ya maharage, yameganda." Godoro lao la kutandika chini aliliita "kitanda cha kukunja asubuhi." Pale ambapo kijana anainama mbele ya bibi yake, Yona aliandika neno moja tu, "shikamoo." Mimi maneno hayo nilikuwa nayajua, lakini nilisoma kwanza pembeni ndipo nikasoma kitabu.

Kitabu cha sita ndicho kilichotugombanisha. Kinamhusu mwanamke anayetengeneza miavuli katika mji mdogo ambao mvua inanyesha karibu kila ukurasa. Kwa sisi wa Dodoma hiyo peke yake ilikuwa starehe. Mume wake amekufa, amebaki na baba mkwe mzee ambaye hajasema neno kwa miaka. Wanakula meza moja kimya. Dada yake anamwita mjini akaanze maisha mapya, na swali la kitabu chote ni kama ataondoka au atabaki. Yona alisema aondoke, hata kesho. Mimi nikasema abaki, mtu humwachi mzee wa watu na sufuria tupu. Tulibishana kwenye simu wiki nzima, hadi siku moja akasema, kwa ile sauti yake ya kujiamini, "Ukifika mwisho utaona haya kwa hayo unayoyasema."

Nilielewa kwamba ameshasoma hadi mwisho. Amenipita. Mtaona ni jambo dogo, lakini kwangu halikuwa dogo hata kidogo, kwa sababu tangu mume wangu afariki zile sura za zamu ndizo zilizokuwa zinanisubiri nyumbani nikitoka shule. Nilirudisha kitabu Makutupora bila kufunua kurasa za mbele, na kipande changu cha kitenge cha kuwekea alama ndani yake, kwenye ukurasa wa mia moja arobaini na tatu, nikamwambia yule mama amfikishie ujumbe kwamba amalizie Wajapani wake peke yake. Miezi miwili sikukanyaga Makutupora. Yona alipiga simu mara mbili nikamjibu kama ninavyojibu wazazi kwenye kikao cha shule. Kisha akaanguka shambani, presha, na hakufika hospitali akiwa hai.

Kwa wasiojua, sisi Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani msibani ana ruhusa ya kufanya yale ambayo ndugu hathubutu. Atalala juu ya jeneza, atazuia watu njiani kwenda kaburini, atachukua kitu cha marehemu, na wewe unatakiwa ucheke, halafu umfuate ukakikomboe. Siku ya kumzika Yona, Mzee Maganga, Mnyamwezi aliyewahi kufanya kazi za msimu naye kwenye mizabibu kwa miaka mingi, alitoka chumbani kwa kaka amevaa kofia ya marehemu, na kitabu cha miavuli kiko kwapani. "Mgogo huyu ameondoka bila kunimalizia hadithi," akatangaza. "Nakichukua." Watu walicheka hadi wenye kulia wakapumzika kidogo. Mimi nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya nyumba.

Baadaye nilimpigia simu kwa adabu zote, shikamoo mzee, naomba kitabu cha kaka yangu. Akaniambia kilichochukuliwa msibani hakirudishwi kwa simu, kinafuatwa, akakata. Nilipopiga tena simu haikupatikana. Nilikaa na hilo wiki tatu. Kitabu kingine kama hicho pengine kingeagizwa, lakini kisingekuwa na penseli ya Yona, na nilitaka kuona kwa macho yangu huo mwisho ambao aliufikia bila mimi. Shule zilipofungwa nikafunga mkoba.

Nkuhungu hadi Makutupora

Kipande hiki ni kifupi, na nilikifanya kigumu mwenyewe kwa kuogopa. Sikuwa nimeingia ile nyumba tangu msiba. Wifi yangu Anjela alinipokea mkoba, akanikalisha, akaleta ugali wa uwele na mlenda, hakuniuliza kilichonileta hadi nilipomaliza kunawa. Kwenye rafu ya Yona vile vitabu vilikuwa vimesimama kwa mpangilio, vitano, nafasi, vitatu. Ile nafasi ilinichoma kuliko kaburi.

Nilimwambia Anjela ninamfuata Maganga. Akasema yuko Bahi kwa binti yake Stela, amekwenda kusaidia kuvuna mpunga. Alinifungia zabibu kavu kwenye kitambaa, maana mtani hafuatwi mikono mitupu, na huyu si mtu wa kutaka hela. Kisha akanitazama usoni.

"Wifi, usiende umekunja uso. Mtani ukimfuata na hasira, umempa kitu cha pili cha kuchukua."

Nilimjibu sina hasira. Akaenda kuosha vyombo.

Makutupora hadi Bahi

Ilibidi nirudi mjini kwanza ndipo nishike gari la Bahi, na gari la Bahi lilitaka lijae, na abiria wa siku ile walikuwa wachache na wasio na haraka kama watu wa kwenye vitabu vyetu. Tulikaa stendi tangu saa tatu hadi saa saba. Nilikula mahindi ya kuchemsha mawili na nikasahihisha kichwani barua zote ambazo ningemwandikia Mzee Maganga.

Stela nilimpata kwenye uwanja wa kupepetea mpunga, vumbi la pumba limemjaa kwenye nyusi. Nilipomwambia nimekuja kwa ajili ya kitabu alichonacho baba yake, alishusha ungo akanisalimia upya, kwa heshima zaidi. Ilichukua muda kuelewana. Yeye aliamini ni kitabu cha sala. Baba yake alikiweka ndani ya foronya, hakuruhusu mtu aweke kitu juu yake, na kila jioni alikitoa, akakitazama bila kufungua midomo, akakirudisha. Kwa kuwa Mzee Maganga hakuwa mtu wa kanisani wala msikitini, familia ilishukuru kimyakimya na wakaona wasimsumbue kwa maswali.

Nilimwambia ni hadithi ya mama anayetengeneza miavuli. Stela alicheka, halafu akaonekana amesikitika kidogo. Baba, akasema, ameondoka juzi kurudi kwake Itigi, mizinga ya nyuki imeita. Akanilazimisha nilale. Tulikula wali mpya na kambale wa mchuzi, na sijawahi kula wali unaonukia vile, ule wa sokoni kwetu ni ndugu yake wa mbali. Asubuhi alinipa salamu za kumpelekea baba yake na akaniomba nikifika nisimwambie kwamba walidhani ameokoka.

Bahi hadi Manyoni, kwa njia ya Saranda

Basi nililopanda Bahi lilikuwa la Singida na lilikwenda vizuri hadi mlima wa Saranda. Hapo lori la saruji lilikuwa limelala ubavu katikati ya barabara, dereva wake mzima, amekaa kwenye jiwe anakunywa maji. Magari yalipanga mstari pande zote mbili. Kondakta alisema ni nusu saa. Mimi ni mwalimu, najua nusu saa ya namna ile.

Tulishuka tukakaa kwenye kivuli cha basi. Bibi mmoja Mnyaturu, aliyekuwa anarudi kutoka kumwona mjukuu Dodoma, aliniuliza ninakwenda wapi na kwa shughuli gani. Nikasema ukweli kwa sababu sikuwa na nguvu ya kutunga kitu kingine. Akataka kujua hadithi yenyewe inasemaje hata nikaifuata nchi nzima hivi. Nikaanza kumsimulia yeye peke yake. Nilipofika kwenye sura ya pili, pale mwanamke anapogundua kwamba baba mkwe anaamka kabla yake kila siku na kumfutia maji ya mvua mlangoni, nilikuwa na watu kama kumi na watano, na kondakta amekaa mbele.

Nimefundisha fasihi miaka ishirini na nane. Sijawahi kuwa na darasa kama lile. Swali la kwanza lilitoka kwa mwanaume aliyevaa shati la mistari: mahari ya mwanamke huyo ilikuwa ng'ombe wangapi, na je, baada ya mume kufa ilirudishwa? Nikasema kitabu hakielezi. Akasema basi mwandishi ameficha jambo la msingi, maana bila hilo huwezi kujua kama ana ruhusa ya kuondoka. Dada mmoja mwenye mtoto mgongoni akamjibu kwamba ruhusa ni miguu yake mwenyewe. Mwingine akauliza ukoo wa mume uko wapi, hakuna shemeji, hakuna hata mtoto wa binamu wa kumtunza mzee? Nikasema hakuna, wako wawili tu. Hilo walishindwa kulikubali. Walinitazama kana kwamba nimewasahau ndugu za watu njiani.

Wakagawanyika. Upande wa kuondoka ulikuwa na sauti zaidi, na nilijikuta nawajibu kwa hoja zile zile nilizomjibu Yona, neno kwa neno. Kila walipocheka nilisubiri sauti moja iliyokuwa haipo. Ndipo yule bibi, aliyekuwa kimya muda wote, akasema anaona sote tunabishana kuhusu mwanamke, lakini yeye anamfikiria huyo mzee asiyesema. Mtu anayekufutia maji mlangoni kila asubuhi, akasema, ameshaongea sana. Ni wewe tu hujamsikia.

Nilijifanya natafuta leso.

Walipolivuta lile lori pembeni ilikuwa saa tisa na mimi nilikuwa nimefika ukurasa wa mia moja arobaini na tatu, mwanamke amesimama stesheni na tiketi mkononi, anatazama mvua. Nikanyamaza. Wakasema endelea. Nikasema mwisho siujui, ndiyo maana ninasafiri. Malalamiko yaliyotoka hapo ni kama nimewauzia maziwa yenye maji. Mwanaume wa mahari alikataa kuniaga tulipofika Manyoni.

Manyoni hadi Itigi

Sikupata gari la Itigi jioni ile. Nilichukua gesti karibu na stendi, nikala kuku wa kienyeji mgumu mwenye utamu wa kweli, na asubuhi nikaanza kuuliza. Nilikosea namna ya kuuliza. Nilimwambia muuza chai kwamba ninamtafuta mzee wa Itigi mwenye kitabu cha Wajapani. Akaita fundi kutoka gereji ya jirani, na yule fundi akaja mbio huku akifuta mikono yake kwa tambara.

Kumbe habari za kitabu zilikuwa zimemtangulia Mzee Maganga. Alipopita Manyoni na foronya yake alijisifu kwamba ana kitabu kilichotoka Japani, na mafundi wote wa stendi wakajua kwamba hatimaye kimepatikana kitabu cha magari. Fundi huyu alikuwa na gari lenye giaboksi iliyomshinda wiki mbili. Aliniomba, kwa unyenyekevu ulioniumiza, nikikipata nimtafutie ukurasa wa giaboksi na nimpigie picha. Nilimweleza kwamba ni habari za mwanamke na baba mkwe wake. Akafikiri, kisha akauliza kama mzee huyo alikuwa fundi. Nikasema hapana, mwanamke ndiye fundi, wa miavuli. Alirudi gereji ameinamisha kichwa. Nusu saa baadaye alinitafutia mwenyewe siti kwenye gari la Itigi na akamwambia dereva anishushe mlangoni.

Njia ile inapita kwenye vichaka vizito, vimesokotana hata huoni hatua tano ndani. Nilikaa dirishani na kitambaa cha zabibu mapajani. Nilikuwa nimepanga hotuba tangu Dodoma, ya ukali na ya haki, na kila kilometa ilinipungukia sentensi moja.

Itigi

Mzee Maganga alikuwa uani anachuja asali, mikono imemng'aa hadi viwiko, kofia ya Yona kichwani. Hakushangaa kuniona.

"Umechelewa, Mgogo," akasema. "Nilikupa wiki mbili."

Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, akamwambia mkewe huyu mtoto wa watu amesafiri kwa mlenda tu, alete chakula. Nikala. Akanipa asali kwenye kisahani na kipande cha muhogo wa kuchemsha, nami nikampa zabibu kavu, akala moja, akafumba macho, akasema ni za mstari wa mashariki, karibu na bomba, aliipogoa mizabibu hiyo yeye na Yona. Sijui kama mtu anaweza kujua hivyo kwa ulimi. Nilimwamini.

Kisha akanawa mikono mara mbili kwa sabuni, akaingia ndani, akatoka na foronya. Sharti la kukomboa, akasema, ni moja. Nimsomee mwisho kwa Kiswahili, pale pale, yeye na mkewe wakisikiliza. Hasomi Kiingereza. Kila jioni amekuwa akikitoa na kutazama ile michoro ya penseli.

Niliona ni sharti jepesi. Nilikichukua kitabu nikakifungua kwenye kipande cha kitenge, ukurasa wa mia moja arobaini na tatu. Mistari ya penseli ilikuwepo, minene kama kawaida. Karibu na neno la stesheni Yona alikuwa ameandika, "kama Saranda, ila ina paa." Mstari wa chini kabisa wa ukurasa huo ulikuwa na neno limepigiwa mstari na maana yake pembeni.

Nikafunua. Ukurasa wa mia moja arobaini na nne ulikuwa safi. Wa arobaini na tano, safi. Nilifunua kumi kwa pamoja, ishirini, nikaenda hadi mwisho wa kitabu na kurudi. Hapakuwa na alama hata moja ya penseli. Nikakumbuka kamusi ile iliyopasuka mgongo, na kwamba Yona hakuwahi kusoma hata maandishi ya kopo la dawa bila kupigia mstari.

Nilimwuliza Mzee Maganga, na sauti yangu haikuwa ya mwalimu, kama marehemu alimsimulia hadithi hii hadi wapi.

"Hadi stesheni," akasema. "Tulikuwa tunapogoa, ananisimulia mstari hadi mstari. Pale akaacha. Nikamwambia endelea. Akasema, dada yangu amesusa, siwezi kumpita. Nikamwambia si umemwambia mwisho unaujua? Akacheka sana. Akasema, nilimtania, atakasirika siku mbili halafu aje anipige."

Miezi miwili kitabu kilikuwa nyumbani kwake, na jioni zote hizo, na hakufunua ukurasa mmoja. Alikuwa ananingoja. Niliweka kitabu chini ili kisilowe na nikalia kama ambavyo sikulia msibani, mbele ya watu, na mke wa Mzee Maganga akaja akakaa kwenye mkeka akaniegemeza begani. Mzee hakufanya utani. Alivua ile kofia akaishika mkononi. Nilijilaumu kwa sauti, nikasema nilimwacha ndugu yangu afe akiwa amenuniwa. Mzee akasema hapana, Yona aliniwekea nafasi tu.

Nilipotulia nilisoma. Ilichukua alasiri yote, kwa sababu kutafsiri kwa mdomo si mchezo na kwa sababu Mzee Maganga alitaka kila mvua aambiwe ni ya namna gani, ya rasharasha au ya kumwaga. Mwanamke hapandi treni ile, anarudi nyumbani na tiketi mfukoni, akijiambia atapanda ya kesho. Siku zinapita. Katika ukurasa wa mwisho anachukua mwavuli wa zamani wa mume wake, anaunyoosha mbavu moja baada ya nyingine, anaushona, anaufungua uani kuujaribu. Kisha anaufunga na kuuegemeza mlangoni kwa baba mkwe. Anarudi ndani, anatazama ile tiketi. Mvua imekatika. Hapo kitabu kinaisha.

Mzee Maganga alisubiri. Nikafunga kitabu. Akanyoosha mkono, akakichukua, akakagua ule mshono wa mwisho karibu na jalada kwa ukucha.

"Kurasa zimechanwa," akasema. "Nyinyi Wagogo mmewashia moto."

Nilimwambia hazijachanwa, ndivyo kinavyoisha. Akasema haiwezekani, mtu hawezi kubebeshwa hadithi tangu Makutupora hadi Itigi halafu atuliwe mzigo njiani. Na mimi, ambaye watu wote mnajua jinsi nilivyo, nikasikia mdomo wangu unamjibu.

"Nyinyi Wanyamwezi tangu zamani kazi yenu ni kubeba mizigo ya watu. Kilichomo ndani kiliwahi kuwahusu?"

Kisha mkewe ndiye aliyeanza kucheka, na Mzee akafuata hadi akashika tumbo, akasema sasa kitabu kimekombolewa. Nilicheka mimi pia, na machozi bado yako shingoni.

Kurudi

Kurudi hakuna mengi. Nililala kwao, asubuhi wakanipa dumu la asali na ile foronya, nami nikamwachia Mzee ile kofia, inamkaa vizuri. Barabara ya Saranda ilikuwa wazi. Manyoni nilishuka kidogo kumsalimia fundi. Giaboksi ilikuwa imepona. Alisema alikaa kimya akaitazama siku nzima bila kuigusa, ndipo akaona tatizo, na nikafikiri kwamba huyu angevipenda vitabu vyetu.

Pale pale stendi nilinunua penseli. Ndani ya basi nilifungua ukurasa wa mia moja arobaini na nne, nikaanza kupigia mistari maneno magumu na kuandika maana pembeni, mwandiko ukiruka kwa mashimo. Kwangu mimi hayakuwa magumu. Niliyachagua yale ambayo Yona angekwama, na nilijua kila mahali ambapo angekwama. Nilikuwa Kintinku nilipomaliza sura moja, na nyumbani Nkuhungu nilihitaji jioni tano zaidi kufika mwisho.

Jumapili iliyopita nilikipeleka kitabu Makutupora na kukirudisha kwenye ile nafasi ya rafuni. Wifi Anjela alikifungua nyuma kabisa, akasoma nilichoandika pembeni ya mstari wa mwisho, akaniuliza kama sijaacha ubishi hata sasa. Nimeandika hivi: "Kaka, nimefika. Hajaondoka. Bisha."